Kilo Ishirini na Tatu

Mizani tumeiazima kwa mnunuzi wa ufuta sokoni,
ile ya ndoano, yenye kutu shingoni.
Tumeitundika kwenye boriti ya jikoni, hapa Lira,
na kila jioni begi moja hunyongwa, likapimwa,
likashushwa, likafunguliwa, kikatoka kitu.

Jana ilitoka pasi. Juzi, koti langu la harusi.
Kamusi imetoka mara mbili
na mara mbili imerudi usiku, bila mtu kusema neno.

Alum, mke wangu, anasoma udongo.
Jina lake ni nyasi: mama yake alishikwa na uchungu
akitoka shambani, akajifungulia kichakani.
Sasa nyasi inakwenda Uholanzi, mwaka mzima,
kuuliza kwa nini mtama wa karibu na Ngetta hunyauka
maji yakiwa bado miguuni.
Pakiti arobaini, kila moja na namba yake,
kila moja na kibali chenye mhuri wa bluu.
Udongo wetu una karatasi safi kuniliko mimi.

Maana mimi, kwenye fomu ya viza,
mahali pa kazi, karani wa Kampala aliniandika
mtegemezi.

Miaka kumi na minne nimefundisha Kiswahili
kwa watoto walioambiwa nyumbani ni lugha ya askari.
Nimesimama ubaoni nikinyambua:
tegemea, tegemewa, tegemeza, tegemezana.
Oneni, niliwaambia, mzizi mmoja
huzaa mzigo, ukazaa na nguzo.
Sikujua nitakuja kukaa kwenye benchi la plastiki,
vidole vinne juu ya kioo cha alama,
nikijinyambua mwenyewe.

Wanaume wa kinyozi wamenipigia kelele:
"Mwalimu, tumesikia unaolewa ng'ambo!"
Nikawajibu ndiyo,
na mahari yangu ni kilo ishirini na tatu.

Otim hataki kwenda.
Kwa Kilango (Mswahili wa pwani angesikia mlango mdogo)
Otim ni aliyezaliwa ugenini. Ni kweli,
alizaliwa Mulago, mama yake akiwa katikati ya mitihani.
"Mimi nilishakwenda," anasema. "Mpelekeni Awor."
Awor amekwisha kuaga kuku, mmoja mmoja, kwa majina.
Ameniuliza kama huko kuna mwamba kama Ngetta.
Nikamwambia nchi ile imelala kama chapati.
Akafikiri.
"Sasa mtu akitaka kuona kwao, apande nini?"

Jumatatu anahamia mpangaji, mkunga wa hospitali.
Amepima madirisha kwa kamba,
ameuliza bomba lipi linavuja, jirani yupi ana mbwa.
Nimemwambia yote isipokuwa moja:
mlango wa watoto hulia alfajiri,
na mimi huamkia huo.

Leo mama yangu amefika kutoka Aduku
na kopo la odii, kilo tatu,
ufuta aliousaga kwa mkono, kwa goti lile bovu.
Alum akalitia begini, akaliinua.
Ishirini na sita.
Tukatazama pakiti za udongo.
Mama naye akazitazama, akauliza kwa upole
kama Wazungu wamemaliza wao.

Hakuna aliyecheka. Kisha Alum akacheka,
akacheka mpaka akakaa sakafuni,
akasema: chemsheni viazi.

Tumekula odii yote, pale pale, kwa viazi vitamu,
wanne kuzunguka kopo, majirani wawili wakaongezeka.
Mama hakula. Alitusimamia
kama mtu anayehesabu magunia yakipanda lori.
Kesho kutwa, Entebbe, wakituuliza
tumebeba chakula gani kutoka nyumbani,
tutaonyesha mikono mitupu.

Awor amelala na mwiko.
Otim, mafuta yaking'aa kidevuni,
amepanda kiti, ameshika ndoano kwa mikono miwili,
akakunja miguu.
Mshale ukapita ishirini na tatu
ukaendelea.